Dale tupu, manjanja au bustani: nyumba ya Goma iweke nini juu?

Nyumba yetu ya Himbi, mtaa wa Goma, ina dale juu, yaani paa bapa la zege, na vyuma vya nguzo vimesimama hewani tangu baba alipomaliza etaji (ghorofa) ya kwanza. Alikuwa akisubiri pesa za etaji ya pili. Baba ametutangulia, vyuma vimeshika kutu, na kila Septemba mvua zikirudi maji yanapenya kwenye ufa ulio juu ya chumba cha wageni. Mwaka huu tulikaa kama familia tukakubaliana kwamba dale lishughulikiwe. Hapo maneno yakagawanyika. Kaka mkubwa anataka tulifunike kwa manjanja, yaani bati. Dada mdogo anataka libaki wazi, lizibwe vizuri, maji yote yaende kwenye tangi. Mama anataka bustani. Mimi nilitumwa kuuliza mafundi na mainjinia, kupima, kupiga hesabu na kurudi na jibu.

Nayaandika haya kwa familia nyingine zenye dale na swali kama letu, maana ukitembea Himbi, Katindo au Kyeshero utaona nyumba nyingi za namna hiyo, vyuma vikichungulia juu kama mahindi yaliyovunwa. Kama nyumba yako ni ya mbao na manjanja, kama zilivyo nyumba nyingi za mji huu, bustani ya paa isikusumbue kichwa. Mbao na misumari ile haikupangiwa kubeba udongo uliolowa. Panda kwenye magunia chini, uani, na utakula mboga zilezile.

Mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja

Ukisema "paa la majani" kwetu, watu wanafikiria nyasi. Kwa hiyo nitasema paa la mimea. Lakini hata hapo kuna vitu viwili tofauti kabisa, na ugomvi wetu wa nyumbani ulichukua wiki mbili kwa sababu hatukuvitenganisha.

Cha kwanza ni paa jembamba. Juu ya dale unaweka tabaka la kuzuia maji, juu yake tabaka la kuzuia mizizi, kisha tabaka la kupitisha maji, kitambaa cha kuchuja, na mwisho sentimita 6 hadi 15 za mchanganyiko wa mawe mepesi na mboji kidogo. Humo zinaota mimea migumu inayohifadhi maji kwenye majani yake: portulaka, kalankoe, mshubiri mdogo. Hupandi chakula. Hutembei juu yake isipokuwa kwa matengenezo.

Cha pili ni bustani nene, kuanzia sentimita 15 au 20 kwenda juu. Hiyo ndiyo aliyokuwa nayo Mama kichwani. Lengalenga inahitaji sentimita 15 hadi 20 za udongo mzuri, matembele zaidi ya hapo, karoti 25 au 30. Nilipomweleza kwamba paa jembamba halimpi mboga alinyamaza muda, kisha akasema, "Basi tuulize hilo nene linataka nini." Swali zuri, na jibu lake liko kwenye kilo.

Uzito

Hesabu ni rahisi, na kila mwenye dale anapaswa kuifanya mwenyewe kabla ya kumwita mtu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, na lita 1 ni kilo 1. Udongo wa kawaida wa shambani ukilowa kabisa una uzito wa kama kilo 18 hadi 20 kwa kila sentimita 1 ya unene, kwa kila mita ya mraba. Zege lenyewe lina kilo 2,500 hivi kwa mita ya ujazo.

Dale letu ni la mita 9 kwa 10, unene sentimita 15. Kila mita ya mraba ina kilo 375, kwa hiyo dale zima ni karibu tani 34. Tukiweka sentimita 30 za udongo wa shambani, mvua ya Novemba ikiulowesha, kila mita ya mraba itabeba kilo 540 au zaidi. Mara mita 90, tunapata zaidi ya tani 48. Bustani ya Mama ingekuwa nzito kuliko dale lililoibeba. Fundi aliyetujengea alipoulizwa, "Papa fundi, dale hili litabeba udongo?" alijibu haraka kwamba litabeba, kwa sababu watu 40 walisimama juu yake siku ya harusi ya dada na halikutikisika. Namheshimu sana mzee yule, lakini watu 40 ni tani 3 hivi, walikaa saa chache, na walishuka.

Paa jembamba ni jambo lingine. Likilowa lina kilo 60 hadi 150 kwa mita ya mraba, kulingana na unene na aina ya mawe. Kwetu, tukichukua 120, ni karibu tani 11. Manjanja pamoja na mbao zake hayafiki kilo 20 kwa mita ya mraba. Dale lililozibwa na kuachwa wazi haliongezi karibu chochote.

Sasa, dale lako linaweza kubeba nini? Dale la paa lisilopitwa na watu kwa kawaida linahesabiwa kubeba kama kilo 100 kwa mita ya mraba juu ya uzito wake lenyewe. Dale linalopangwa kuwa sakafu ya nyumba linahesabiwa kwa 150 hadi 200, na kuta za ndani zinaongezwa juu ya hapo. Vile vyuma vya kusubiri vinakuwa ushahidi hapa: kama aliyejenga alikusudia kweli etaji nyingine, na kama nguzo na vyuma vya ndani viliwekwa kwa kusudi hilo, basi kuna nguvu ya akiba ambayo paa jembamba linaweza kuitumia. Nasema "kama" mara mbili kwa sababu nimeona maeneo ya ujenzi ambapo vyuma vya kusubiri ni vinene kuliko vile vilivyomo ndani ya dale. Anayejua ni injinia wa majengo, aje apime unene kwenye uwazi wa ngazi, aangalie umbali kati ya kuta na mihimili, agonge zege kwa nyundo ya kupimia nguvu, aangalie nyufa kwa chini. Kama dale lako ni la hurdi, yale matofali yenye matundu, mwambie mapema, maana hesabu yake ni nyingine.

Injinia wetu alituonyesha kitu ambacho sikukitegemea. Juu ya dale letu kuna tabaka mbili za mchanga na saruji. Baba aliweka moja ya kutengeneza mteremko, na miaka baadaye, ufa ulipotokea, fundi mwingine akamwaga ya pili juu yake ili kuzuia maji. Kila sentimita 5 ya tabaka hilo ni kilo 100 kwa mita ya mraba. Yaani tayari tulikuwa tumebeba uzito wa paa la mimea bila mmea hata mmoja, na bado linavuja. Kwa nyumba nyingi za hapa nadhani hapo ndipo pa kuanzia: bandua lililooza kabla ya kuongeza jingine.

Goma ina sababu yake ya pekee ya kuogopa uzito wa juu. Ardhi yetu inatikisika. Baada ya Nyiragongo, volkano yetu, kulipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena baada ya tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko ilifuatana siku nyingi, na wengi wetu tulilala nje tukiangalia nyufa zinavyopanda ukutani. Tetemeko linasukuma nyumba kwa nguvu inayokua pamoja na uzito wake, na uzito ulio juu kabisa ndio unaozitesa nguzo zaidi. Tani 48 juu ya nyumba ambayo haikuhesabiwa kwa ajili yake ni jambo ambalo silikubali kwa familia yangu, hata mimea iwe mizuri namna gani. Na kuna majivu: sentimita 1 ya majivu yaliyolowa inaweza kufika kilo 15 kwa mita ya mraba. Dale tupu unalifagia. Paa lenye mimea halifagiliki.

Kwa sababu hiyohiyo, angalia matangi. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2 zilizokaa mahali padogo. Watu wanaoogopa bustani wanapandisha tangi juu ya dale bila kuuliza. Liweke chini, au juu ya ukuta mnene.

Paa linalokunywa na paa linalokupa

Huko paa la mimea linakosifiwa zaidi, sifa yake ya kwanza ni kwamba linazuia maji ya mvua yasijaze mifereji ya mji. Kwetu sifa hiyo inageuka swali, kwa sababu sisi mvua tunaihitaji nyumbani. Goma haina mto. Mvua inaingia kwenye mawe ya lava na kupotea, ziwa liko chini, na mabomba hayafiki kila avenyu wala hayatoi maji kila siku. Mwaka 2021 lava iliharibu tangi na mabomba upande wa Buhene, na watu wengi walibaki bila maji kwa muda. Anayebeba bidoni (dumu la lita 20) kutoka ziwani anajua bei yake mgongoni mwake, na kipindupindu kimetufundisha bei ya maji yasiyotibiwa.

Kwa hiyo nilipiga hesabu. Goma inapata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. Kwenye dale la mita 90 za mraba hizo ni lita 108,000. Ondoa moja ya tano kwa yanayomwagika, yanayokauka na yale ya mwanzo unayotupa ili kusafisha paa, unabaki na lita 86,000 hivi, yaani bidoni 4,300. Ukigawa kwa siku za mwaka ni karibu bidoni 12 kila siku. Hazigawanyiki sawasawa, maana Julai ni kukavu, lakini ukiwa na tangi kubwa unavuka wiki nyingi.

Paa jembamba la mimea, kwa vipimo vilivyofanywa Ulaya na Marekani, linazuia karibu nusu ya mvua ya mwaka: mimea na mawe yanakunywa, kisha jua linarudisha angani. Kwetu mvua zinafuatana na mchanganyiko haupati muda wa kukauka, kwa hiyo nadhani litanyima pungufu ya hapo. Hata tukisema theluthi tu, ni lita 36,000. Hizo ni bidoni 1,800 kwa mwaka ambazo familia yetu ingeziachia portulaka. Na yale yanayopita chini yanatoka na rangi ya chai, yamebeba mbolea na taka za mboji. Yanafaa kumwagilia na kusafisha choo. Sitayapeleka kwenye tangi la jikoni.

Manjanja ndiyo yanayotoa maji mengi na kwa urahisi zaidi, na hapo kaka ana haki. Tatizo lake kwetu ni moshi wa mlima. Gesi za Nyiragongo zinaifanya mvua iwe na asidi, na asidi inakula bati. Anayeishi upande wa Rusayo na Sake, ambako upepo unasukuma moshi mara nyingi, anajua bati jipya linavyozeeka upesi. Mvua ileile inabeba floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, na upande huo wa magharibi maji ya paa yamepimwa yakakutwa yamepita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki. Ukiwa na watoto wadogo na unaishi huko, maji ya paa, liwe la bati au la zege, yawe ya kufulia na kuogea kwanza.

Nyumba isiyohitaji mvua yake iko kwenye hali nyingine. Hoteli iliyo kando ya ziwa yenye pampu na mtambo wa kusafisha, ofisi yenye kisima chake, shule inayopata maji ya bomba kila siku: hao wanaweza kuacha paa linywe, na barabara iliyo mbele yao itapata matope pungufu.

Joto, kwa ufupi

Jengo la serikali ya mji wa Chicago ndilo mfano ninaoupenda, kwa sababu ni jengo la zamani, la mwaka 1911, lililoongezewa paa la mimea mnamo 2001 likiwa limesimama tayari. Na linajilinganisha lenyewe: nusu ya jengo ni ya mji, ikawekwa mimea, nusu ni ya kaunti, ikabaki na lami nyeusi. Mchana mmoja wa Agosti 2001 walipima juu. Lami ilikuwa karibu nyuzi 76 za Selsiasi. Sehemu za mimea zilikuwa kati ya 33 na 48.

Tofauti kubwa sana. Lakini Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto ni kama nyuzi 19 au 20, na usiku tunatafuta blanketi. Dale letu linawaka kidogo saa nane mchana, kisha wingu linakuja. Mtu akikuuzia paa la mimea Goma ili kupoza nyumba ndani, anakuuzia dawa ya ugonjwa usio nao. Kelele ya mvua ni hoja yenye nguvu zaidi: chini ya manjanja hamsikilizani, chini ya mimea kimya.

Ningekuwa Lubumbashi ningefikiri tofauti. Joto la Oktoba kule linachosha, na kivuli juu ya zege kina thamani. Lakini kiangazi chao kinaanza karibu Mei na kuendelea hadi Oktoba. Paa jembamba lingekauka kabisa au lingehitaji kumwagiliwa kwa maji ambayo watu wanayatafuta. Bukavu nako ni kisa kingine. Mji umejengwa kwenye miteremko, na maji ya paa lako yanaanguka kwenye ua wa jirani wa chini, yanachimba, na mwishowe yanabeba ukuta. Hapo kuzuia hata theluthi ya mvua ni kumwokoa jirani, na ningelipima paa la mimea kwa jicho la huruma zaidi, mradi nyumba isiwe juu ya ardhi inayoteleza, maana hapo kila tani unayoongeza inasukuma kilima. Bukavu nayo ilitikiswa vibaya tarehe 3 Februari 2008.

Kuvuja

Hili ndilo lililotupeleka kwenye mazungumzo yote, na watu wengi wanalianza vibaya. Paa la mimea halizibi dale linalovuja. Linaficha mahali linapovujia. Maji yanaingia hapa, yanasafiri chini ya udongo, yanatoka mita 4 pembeni, na wewe unafukua bustani nzima ukitafuta. Jirani mmoja wa mtaa wetu alitandika bashi juu ya dale, akamwaga udongo, akapanda. Mwaka wa kwanza palipendeza. Mwaka wa pili mizizi ilikuwa imepita, na dari ya chumba cha watoto ilianguka, kwa rehema za Mungu watoto wakiwa shuleni. Bashi ni turubai la dharura. Halikutengenezwa kukaa chini ya mizizi.

Kinachotakiwa ni tabaka halisi la kuzuia maji, la lami iliyotengenezwa kuhimili mizizi au la plastiki nene iliyochomelewa kwenye maungio. Lami ya kawaida mizizi inaila. Vitu hivi vinaingia kwa barabara, kutoka Kigali, Kampala au Mombasa, na ndivyo vinavyobeba gharama kubwa. Mawe yako hapa. Omba bei kwa mita ya mraba, na uliza kwa maandishi kama bei hiyo inahusu maungio, kona na midomo ya mabomba, kwa sababu kuvuja kunaanzia huko.

Kuna faida ya kweli upande wa pili. Tabaka la lami linaloachwa wazi linapigwa na jua la mchana na baridi ya usiku, linapasuka baada ya miaka 10 au 20. Likifunikwa na mawe na mimea halioni jua, na linaweza kuishi mara mbili ya hapo. Asidi ya mvua yetu nayo inakutana kwanza na mawe ya volkano. Kwa mtu anayejenga kwa ajili ya wajukuu, hoja hii ina uzito kuliko ya joto.

Uchague njia yoyote, jaribu dale kwanza. Injinia akishakubali kwamba linaweza kubeba, ziba midomo ya mabomba, jaza maji sentimita 5, acha saa 48, na ukae chini ukiangalia dari. Hizo ni kilo 50 kwa mita ya mraba. Hakikisha pia mteremko ni angalau sentimita 2 kwa kila mita, na kuzunguka kila mdomo wa bomba na kando ya ukingo uache ukanda wa mawe matupu wa sentimita 30 hadi 50, bila mmea.

Kitu ambacho Goma inacho na wengine wananunua

Nilifurahi kujifunza hili. Udongo wa paa jembamba si udongo wa shamba. Sehemu 80 hadi 90 kati ya 100 ni mawe mepesi yenye matundu, na zilizobaki ni mboji. Wajerumani, waliolianzisha paa jembamba la kisasa na wanaoliweka kwa wingi, wanachimba mawe hayo kwenye milima ya zamani ya volkano ya Eifel. Sisi tunayakanyaga. Changarawe nyeusi na nyekundu ya volkano, ichekeche upate vipande vya milimita 3 hadi 10, ioshe vumbi lake ili lisizibe kitambaa cha kuchuja, changanya na mboji iliyooza vizuri. Ikilowa ina uzito wa kama kilo 10 hadi 13 kwa sentimita kwa mita ya mraba, badala ya 18 au 20 za udongo wa shamba. Inapitisha maji haraka na haigandamani. Ukilinganisha gharama za hapa na za mji usio na volkano, hii ni baraka mojawapo ya mlima ule, na tunastahili kuitumia.

Usipande migomba, mianzi wala mkuyu wa aina yoyote. Mbegu za mikuyu zikiletwa na ndege na kuota, zing'oe zikiwa bado na majani mawili. Na lazima kuwe na mtu wa kupanda juu mara 2 au 3 kwa mwaka kuziondoa na kusafisha midomo ya mabomba. Bila mtu huyo mwenye jina lake, acha.

Nani achague nini

Kama unatarajia kujenga etaji nyingine ndani ya miaka 5, usiweke mimea; utaifukua. Ziba dale, kusanya maji, au weka manjanja ambayo utayavua na kuyatumia tena juu zaidi. Pia funika vile vyuma kwa zege dhaifu ili kutu isiendelee kula.

Kama nyumba inategemea mvua kwa maji, dale lililozibwa au manjanja yanashinda, na sioni mjadala. Kati ya hayo mawili, manjanja yanakufaa ikiwa dale limechoka na huna pesa ya tabaka zuri; yatakuzuilia maji kesho asubuhi. Dale la wazi linakufaa ikiwa uko kwenye njia ya moshi na umechoka kubadilisha bati, au ikiwa unahitaji mahali pa kuanikia nguo na kuwekea paneli za jua.

Paa jembamba la mimea ningelipendekeza kwa moyo wote kwa jengo ambalo maji yake yanatoka kwingine, dale lake limepimwa na injinia na lina akiba ya kilo 150, halitapandishwa tena, na lina mtunzaji. Kuna hoteli, zahanati na shule Goma zenye hali hiyo, na mapaa yao ni makubwa. Bustani nene ya chakula juu ya jengo lililosimama tayari sijampata injinia hata mmoja aliyenikubalia bila kuongeza nguzo. Ndiyo maana sheria ya Toronto ya mwaka 2009 iliyolazimisha mapaa ya mimea iligusa majengo mapya makubwa: uzito uliingizwa kwenye mchoro kabla ya saruji kumwagwa. Mwenye kiwanja kitupu na ndoto ya bustani amwambie anayemchorea leo.

Kwetu, injinia alitoa njia ya katikati. Tabaka zote mbili za saruji zinabanduliwa Juni, mvua zikikatika. Mteremko unatengenezwa upya kwa tabaka moja jembamba, dale linazibwa, linajaribiwa kwa maji saa 48, na maji yanaenda kwenye tangi la lita 10,000 litakalokaa chini, uani. Kaka amekubali kwa sharti kwamba likivuja tena ananunua manjanja. Mama anapata masanduku, ya urefu wa mita 1, upana sentimita 40, kina sentimita 25. Kila moja likijazwa changarawe na mboji na kulowa lina kama kilo 130, mzigo ambao katikati ya dale ungekuwa mwingi, lakini yatapangwa mstari mmoja tu, juu ya kuta za chini zinazoshuka hadi kwenye mwamba, yakiwa yameinuliwa kwa vipande vya tofali ili maji yapite chini yake. Amechagua upande wa jikoni: ukuta wa pale ni wa mawe, ni mnene kuliko yote, na jua la asubuhi linafika kabla ya saa moja.